Maswali ya Wasomaji: Kuchora Nchi za Ndotoni

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazungumzia jambo moja: kuchora mandhari isiyopo duniani, lakini iliyozaliwa na misitu, maziwa na wanyama tunaowajua. Tumechagua nane. Majibu yanatumia zaidi rangi za akriliki, kwa kuwa ndizo mlizozitaja wengi, na vipimo vinahusu ubao wa sentimita 40 kwa 60 isipokuwa pale tuliposema vingine.

Swali: Shikamooni. Nachora simba, samaki wanaoruka, maua makubwa, miezi mitatu na ngazi ya kwenda mawinguni, vyote katika picha moja. Watu wakiiona wanasema "nzuri", halafu wanapita. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Maajabu yamezidi, na hakuna kitu cha kawaida kilichobaki cha kuyapimia. Mtazamaji hukubali ajabu moja kubwa endapo kila kinachoizunguka kinamwambia ukweli. Kwa hiyo chagua kanuni moja ya maumbile uivunje, kisha zilizobaki zilinde kwa ukali kuliko hata unapochora shamba la kawaida.

Kanuni zinazovunjika vizuri ni tano: ukubwa wa kitu, mahali pake, rangi yake, chanzo cha mwanga, na kile ambacho kitu kimeumbwa nacho. Chukua kobe mwenye ukubwa wa kilima, anayebeba msitu mgongoni. Umevunja ukubwa. Basi kivuli chake kiangukie upande uleule kinakoangukia cha mti ulio mbele. Ukungu upite mbele ya miguu yake, kwa sababu yuko mbali. Ndege walio karibu na kichwa chake wawe nukta tu. Mistari ya gamba lake ichorwe kutoka kwa kobe halisi, si kwa kubahatisha. Ukikosea vitu hivi vidogo, kobe wako anakuwa kobe mdogo aliyechorwa karibu, na ndoto imekwisha.

Angalia waliotangulia. Henri Rousseau, Mfaransa aliyefariki mwaka 1910, alichora misitu ya tropiki bila kutoka nje ya Ufaransa. Mimea aliiangalia katika bustani ya Jardin des Plantes, Paris, na katika picha zake majani huwa makubwa kupita kiasi. Lakini kila jani limechorwa moja moja, lina mshipa na lina ukingo. Franz Marc, Mjerumani, alichora farasi wa buluu mwaka 1911. Rangi si ya duniani, mwili ni wa farasi kabisa, kwani Marc alisoma maumbile ya wanyama kwa bidii hadi akawa anayafundisha. George Lilanga, mchoraji wetu wa Tanzania, alipotosha miili ya mashetani wake atakavyo, masikio na midomo ikawa mirefu, lakini mara nyingi mashetani hao wako katika shughuli ambazo kila mtu wa mtaani anazitambua.

Kabla ya kugusa rangi, chora picha ndogo tano za sentimita 6 kwa 9, kwa penseli ya 2B, kila moja dakika tano. Tumia ngazi tatu tu: weupe wa karatasi, kijivu na nyeusi. Katika kila moja vunja kanuni tofauti. Zibandike ukutani, rudi nyuma hatua nne, uchague ile unayoielewa ukiwa mbali. Chini yake andika sentensi moja: "Hapa kila kitu ni cha kawaida isipokuwa..." Ikiwa sentensi hiyo inadai "na" mara mbili, toa kitu.

Katika picha yako tungebakiza samaki. Wakiogelea hewani juu ya nyasi, kivuli chao kianguke juu ya nyasi, na nyasi zilalie upande wanakoelekea. Simba anaweza kubaki, awe amelala, asishangae. Miezi mitatu iondoke, labda uwe tayari kuchora vivuli vitatu kwa kila kitu, kwa sababu kila mwezi una mwanga wake. Ngazi iwe picha nyingine.

Swali: Milima yangu ya nyuma inaonekana kama karatasi zilizokatwa na kubandikwa. Nimejaribu kuifanya midogo lakini bado. (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Udogo peke yake hauleti umbali. Kinacholeta umbali ni hewa. Kati yako na mlima kuna mvuke na vumbi vinavyotawanya mwanga, na hewa yenyewe hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Matokeo yake ni matatu kwa pamoja: kiza cha mlima hupauka, rangi yake huelekea kwenye rangi ya hewa, na kingo hulegea. Ukifanya moja ukaacha mawili, unapata karatasi.

Tengeneza kwanza rangi ya hewa: nyeupe ya titani vijiko vinne vya chai, buluu ya ultramarini nusu kijiko, na siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu) kiasi cha ncha ya kisu. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, maana utaihitaji hadi mwisho. Kisha rangi ya kiza cha karibu: ultramarini sehemu 2, manjano sehemu 1, siena sehemu 1. Safu za milima ziwe tano:

Ya mbali kabisa: hewa sehemu 7, kiza sehemu 1.
Ya nne: hewa 3, kiza 1.
Ya tatu: nusu kwa nusu.
Ya pili: hewa 1, kiza 3.
Ya karibu: kiza kitupu.

Anza na ya mbali, uje mbele. Kila safu, ukingo wa juu uwe mkali kidogo na sehemu ya chini ifutwe kwa sponji yenye unyevu rangi ikiwa bado mbichi, kwa sababu ukungu hutuama mabondeni. Miti ya safu ya karibu ikiwa na urefu wa sentimita 4, ya safu ya pili iwe 2, ya tatu iwe 1, ya nne iwe mkwaruzo tu wa brashi kavu, na ya mbali isiwe na mti wowote.

Wengi huharibu kwa kuongeza nyeupe tupu badala ya rangi ya hewa, na mlima unakuwa wa chaki. Kosa jingine ni kuamini rangi mbichi. Akriliki hukauka ikiwa na kiza zaidi, kwa kuwa gundi yake ni ya maziwa inapokuwa mbichi na huwa angavu ikikauka. Paka alama kwenye karatasi, subiri dakika kumi, ndipo uamue.

Sasa ndoto inaingia hapa: rangi ya hewa ni hiari yako. Asubuhi ya Usambara hewa ni ya buluu na unyevu. Dodoma wakati wa kiangazi, vumbi huifanya iwe ya manjano inayoelekea waridi. Unaweza kuchagua ya kijani ya chupa au ya zambarau, mradi uitii kila mahali. Tembo aliye kwenye safu ya nne naye achukue hewa 3 kwa kiza 1. Huyu tembo ndiye husahaulika mara nyingi zaidi kuliko yote. Anabaki na kijivu cha karibu na picha nzima inaanguka.

Iko njia nyingine isiyotumia umbali kabisa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, aliwaweka wanyama juu ya rangi bapa ya nyuma, bila upeo wa macho, na wanyama wake wakawa nje ya wakati na mahali. Ukichagua njia hiyo ichague kwa moyo wote. Twiga bapa mbele ya milima yenye ukungu hawatapatana.

Swali: Kanvasi ni ghali. Naweza kutumia hadibodi na rangi ya emulsheni ya nyumba? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Hadibodi ndiyo, tena ni ubao mzuri. Tingatinga mwenyewe alianza na mbao za aina hiyo na rangi za mafuta zinazong'aa. Nunua ya milimita 3, ikate, tumia upande laini. Piga msasa namba 120 kwa wepesi hadi mng'ao utoke, kisha 220, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Hadibodi ina maji ya kahawia ndani yake yanayopenya rangi za maji na kuacha madoa ya manjano miezi ya baadaye, hasa angani. Kwa hiyo izibe kwanza kwa mikono miwili ya vanishi angavu ya maji, kisha jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi, mikono mitatu. Mkono wa kwanza wa jeso uchanganye sehemu 4 kwa maji 1. Kila mkono ukauke saa moja na upakwe kukata mwelekeo wa uliotangulia. Paka na nyuma ya ubao angalau mkono mmoja. Usipopaka, upande wenye rangi utauvuta ubao na utapinda.

Emulsheni ya nyumba isiyong'aa inafaa kwa mazoezi. Kwa picha ya kuuza hatuishauri kuwa msingi, kwa sababu aina za bei ndogo zina chaki nyingi na gundi kidogo, na tabaka za juu zinaweza kubanduka. Na hili lishike: rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya rangi ya mafuta itabanduka. Ukitumia rangi za mafuta zinazopunguzwa kwa thina, fanya kazi nje au dirisha likiwa wazi.

Swali: Nataka konyeza, wale viumbe laini wa baharini, wanaowaka, wakipita usiku kati ya miembe. Nimeweka nyeupe, nimeweka manjano ya kumeta, hawawaki. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Rangi za kawaida haziwaki. Kinachofanya jicho lione mwako ni tofauti kati ya kitu na kinachokizunguka, na pia mwanga wake unapogusa majirani. Ndiyo maana nyeupe nyingi zaidi haikukusaidia.

Paka ubao wote kiza kwanza: ultramarini 3, siena ya kuchomwa 1, majenta robo. Mchanganyiko huu unakaribia weusi lakini una uhai. Nyeusi ya tyubu hufanya usiku uwe shimo. Ukikauka, chora mwili wa konyeza kwa chaki nyeupe, itafutika baadaye.

Sasa duara la mwanga, kabla ya konyeza mwenyewe. Chukua brashi laini ya mviringo, kavu. Chovya kidogo katika buluu ya thalo na nyeupe, nusu kwa nusu, kisha futa brashi kwenye kitambaa hadi udhani hakuna rangi iliyobaki. Zungusha kwa wepesi kutoka katikati kwenda nje, eneo lenye upana mara tatu wa mwili wake. Ikikauka, rudia kwa thalo 1 na nyeupe 3, eneo mara mbili. Rudia tena kwa thalo 1 na nyeupe 6, eneo linalozidi mwili kidogo tu. Usione ukingo popote. Ukiuona, lainisha kwa rangi ya usiku kutoka nje kwenda ndani.

Baada ya hapo weka glezi, yaani tabaka jembamba la rangi linalopitisha mwanga: thalo sehemu 1 kwa sehemu 10 za midiamu ya glezi (kimiminika angavu cha kuchanganyia rangi), juu ya eneo lote la duara. Subiri nusu saa, rudia, hadi mara tatu. Hapa rangi hupata kina, kwa kuwa mwanga unapita ndani ya tabaka, unagonga weupe wa chini na kurudi ukiwa umepakwa buluu. Usitumie maji badala ya midiamu. Maji mengi huipunguzia rangi gundi yake, na tabaka litakuja na mabaka.

Kiini ni cha mwisho: nyeupe yenye ncha ya kisu ya manjano ya limau, na kisizidi sehemu moja ya ishirini ya mwili wa konyeza. Kikizidi hapo, mwako unazimika. Pembeni mwa kiini ndipo rangi iwe kali kabisa. Mikia yake ichorwe kwa brashi namba 1, minene kwenye mwili, ikififia kadiri inavyoshuka, mingine ikatike katikati.

Halafu majirani. Konyeza akipita chini ya mwembe, majani yanayomwelekea yapate buluu upande wa chini. Mwanga wa kitu kidogo hupungua kwa mraba wa umbali: jani lililo mbali mara mbili hupata robo ya mwanga, lililo mbali mara tatu hupata sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo jani la sentimita 3 kutoka kwa konyeza liwe na ukingo wa buluu ulio wazi, la sentimita 6 liwe na dalili tu, na la sentimita 9 libaki karibu na kiza. Wachoraji wengi hupaka buluu ileile kwenye mti mzima, na mti unaonekana umepakwa rangi, haukuangaziwa.

Konyeza mmoja awe mkuu. Wengine wapewe glezi moja zaidi ya kiza ili washuke. Piga picha kwa simu, igeuze iwe ya rangi nyeusi na nyeupe: mahali peupe kuliko pote pawe kiini cha yule mkuu. Pakiwa mwezini au kwenye saini yako, paka giza hapo.

Kuhusu rangi, buluu uliyoichagua ina mashiko. Mwanga wa viumbe vingi vya baharini ni wa buluu, kwani buluu ndiyo husafiri mbali zaidi majini. Wa vimulimuli ni wa manjano na kijani. Mkiwaweka pamoja katika picha moja, tofauti hiyo itafanya kazi nzuri sana.

Swali: Twiga wangu mwenye mabawa anaonekana kama nimembandikia mabawa ya kuku. Nifanyeje, ndugu zangu? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Bawa ni mkono. Lina mfupa wa juu, kiwiko, mifupa miwili ya chini na kiganja. Ukilichora kama feni ya manyoya iliyochomekwa katikati ya mgongo, hakuna msuli wa kulibeba, na jicho la mtazamaji hulijua hilo hata kama mwenyewe hawezi kulieleza.

Chora kwanza mifupa ya twiga kwa penseli nyekundu. Shingo yake ndefu ina pingili saba tu, sawa na ya binadamu, kwa hiyo hukunja kwa pembe chache ndefu, haipindi kama nyoka. Mgongo unashuka kutoka mabegani kwenda kwenye kiuno. Shina la bawa liweke nyuma kidogo ya mfupa wa bega, pale palipoinuka. Kutoka shina hilo shusha msuli wenye umbo la pembetatu hadi kifuani, upana wake usipungue theluthi ya kina cha kifua. Msuli huu ndio utakaomfanya mtu aamini. Uchore ukiwa umetuna chini ya ngozi, na mabaka ya twiga yajipinde kuufuata.

Manyoya nayo yana mpangilio. Yale marefu ya ncha hukaa kwenye kiganja, na ndege wengi wana kama kumi kila upande. Yanayofuata, mafupi zaidi, hukaa kwenye mkono wa chini. Juu ya mizizi yao kuna safu za manyoya madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Mfano bora ni kongoti, anayepatikana kwa wingi hapo Kampala, akiwa mkubwa na asiyeogopa watu. Mtazame anapotua: ncha zinaachana kama vidole, bawa lote linapinda juu. Chora michoro kumi ya haraka ya kutua kwake kabla hujamrudia twiga.

Urefu? Kwa hesabu za kweli twiga haruki. Tandawala mkubwa, miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoweza kuruka, hana hata kilo 20, na twiga dume huzidi kilo 1,000. Basi hesabu ziache, lipe jicho kinachotosha: kila bawa likikunjuliwa liwe mara moja na nusu ya urefu wa kiwiliwili, toka kifuani hadi mkiani. Chini ya hapo anachekesha.

Maungio ndiyo kazi iliyobaki. Mabaka ya begani yapungue hatua kwa hatua: yakianza na sentimita 3, yashuke hadi 2, 1, nusu, na njiani yabadilike umbo kutoka pembe nyingi kuwa majani marefu, hadi yawe ndiyo manyoya. Tumia rangi zilezile za twiga kwa safu ya kwanza ya manyoya, kisha ndio uelekee kwenye rangi ya bawa. Chini ya bawa weka kivuli juu ya ubavu, chenye ukingo mkali karibu na shina na laini kadiri bawa linavyoondoka mwilini.

Tazama pia picha unazoiga. Mara nyingi twiga alipigwa picha saa sita mchana na ndege alipigwa jioni, na mwili mmoja unapata majua mawili. Tafuta picha zenye jua la upande mmoja, ziwe zako au umepewa ruhusa. Na ushike picha yako mbele ya kioo: bawa lililopinda vibaya huonekana mara moja likigeuzwa.

Swali: Assalaam aleikum. Niko Muscat. Akriliki inakauka kwenye paleti kabla sijamaliza anga, na nikiichanganya haraka inakuwa tope. (Msomaji, Oman)

Jibu: Waaleikum salaam. Ni matatizo mawili, na yote yana dawa.

Kwa ukavu, tengeneza paleti yenye unyevu: sinia bapa lenye mfuniko, kitambaa cha sponji kilicholowa kikakamuliwa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo hudumu siku nzima, na ukifunika hata zaidi. Usichore chini ya mkondo wa kiyoyozi, maana upepo wake unakausha kuliko joto lenyewe. Anga igawe katika vipande vya upana wa viganja viwili, umalize kimoja kabla ya kingine, ukinyunyiza ukungu wa maji mara kwa mara. Dawa ya kuchelewesha ukavu ipo, lakini usizidishe kipimo cha chupa. Ikizidi, rangi inabaki na unato na kushika vumbi, na vumbi mnalo.

Tope hutokea rangi tatu za msingi zinapokutana bila kutarajiwa. Tyubu nyingi tayari ni mchanganyiko. Soma nyuma ya tyubu: ukiona namba za rangi tatu, usiichanganye tena. Chukua nne tu: ultramarini, majenta, manjano ya limau na nyeupe. Machweo ya ndotoni yanayotoka zambarau kwenda manjano hupitia tope kwa lazima, kwa kuwa rangi hizo hupingana. Pitisha kwenye waridi katikati: zambarau, majenta, waridi, chungwa hafifu, manjano. Osha brashi kila unapovuka waridi.

Swali: Nina wanafunzi arobaini na bajeti ndogo mno. Tunaweza kuanza ndoto bila rangi ghali? (Mwalimu, Kigoma)

Jibu: Mnaweza, mwalimu, na njia zake zina historia nzuri. Max Ernst, mwaka 1925, aliweka karatasi juu ya mbao za sakafu akasugua kwa penseli, na katika mistari iliyojitokeza akaona misitu na wanyama. Ninyi mna mikeka, magome, majani makavu, nyavu na magamba ya samaki. Karatasi iwe nyembamba, penseli ya 6B au kipande cha mkaa kilichobanwa ubavu. Mtoto asugue vitu vitatu, aigeuze karatasi pande zote nne, akubali upande mmoja, kisha aongeze vitu vitatu tu kwa mkono wake: jicho, mstari wa ardhi na kivuli.

Njia ya pili: paka rangi ya maji nyeusi, nzito, kwenye kipande cha plastiki au kioo chenye kingo zilizofunikwa kwa utepe. Laza karatasi juu yake, bonyeza, ivute polepole kutoka pembe moja. Hutokea maumbo ya matumbawe na mapango. Rangi ikiwa na maji mengi inakuwa dimbwi. Ikiwa kavu mno karatasi inachanika. Iwe nzito kama uji mwepesi.

Mwombe kila mtoto achukue umbo alilolipata, si alilolitaka.

Swali: Rangi zangu za ndotoni zinaonekana za kitoto. Nizitoe wapi? Na vanishi nipake lini? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Uko karibu na hazina. Ziwa Natron hupata wekundu kutokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, na gamba la magadi huachwa jeupe lenye nyufa. Heroe wadogo (flamingo) wanaozaliana hapo hupata uwaridi wao kutokana na chakula. Upande wa kusini Ol Doinyo Lengai hutoa lava yenye joto la takriban nyuzi 500 hadi 600, ndogo sana kwa lava, inayotoka ikiwa nyeusi au kahawia na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Hakuna mchoraji angethubutu kubuni hivyo.

Tengeneza mpango wako kutoka hapo: asilimia 70 ya picha iwe kijivu chenye buluu na weupe wa magadi (nyeupe sehemu 6, siena robo, ultramarini robo), asilimia 25 wekundu wa maji (majenta sehemu 2, siena 1, manjano nusu), na asilimia 5 tu iwe waridi kali ya ndege. Rangi huwa za kitoto zote zikipiga kelele kwa nguvu sawa. Kijivu ndicho kinachoipa waridi sauti.

Vanishi: akriliki isubiri wiki mbili, mahali penye unyevu mwingi zaidi. Rangi ya mafuta ya wachoraji isubiri miezi sita angalau. Laza picha, futa vumbi, paka mikono miwili myembamba yenye kupishana mwelekeo, saa 24 kati yake, na usirudi kugusa sehemu iliyoanza kunata, kwani itabaki na ukungu mweupe. Picha zikisafirishwa usizibane uso kwa uso wala kuzifunga kwa nailoni inayogusa rangi; kwenye buti la gari lenye joto, akriliki hushikana. Weka karatasi ya kuokea kati yake.